Karatasi Kumi na Moja za Viola Spolin

Karatasi zenyewe zilikuwa kumi na moja, zimebanwa kwa pini moja kwenye kona, na aliyezitoa kopi alikuwa na haraka zake: ukingo wa juu wa kila ukurasa umekatwa, hakuna jina la kitabu wala la mwandishi. Nilizipata kwenye semina ya siku tatu ya sanaa za maonyesho kwa vijana hapa Dar es Salaam, zile semina za daftari na kalamu ya bure, chai na sambusa saa nne, na picha ya pamoja siku ya kufunga. Cheti sijui kilipotelea wapi. Karatasi ninazo. Zina madoa ya chai, ya saba imechanika, na nyuma ya ya tatu kuna hesabu za michango ya harusi ya dada yangu.

Nilizitumia miaka sita bila kujua ni za nani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na kila Jumamosi mchana nakutana na kikundi cha maigizo cha vijana wa mtaani kwetu, Temeke, kwenye darasa la kuazima. Tunasogeza madawati ukutani, tunafagia, tunacheza. Nilidhani michezo ile waliitunga watu wa semina. Mpaka siku moja, Posta, kwa muuza vitabu vya mitumba, nikaokota kitabu kinene kilichoachia mgongo, nikakifungua katikati, nikakutana uso kwa uso na mchezo wa kioo. Herufi zile zile, maelezo yale yale. Nikarudi mwanzo: Improvisation for the Theater, Viola Spolin, 1963.

"Bei gani hiki?"

"Elfu kumi na tano, mwalimu."

Alijuaje kuwa mimi ni mwalimu? Labda viatu. Tukamalizana kwa elfu tisa, nikapanda daladala nikiwa nimekikumbatia kama mkate wa moto.

Mchezo wa kwanza kabisa kitabuni ni huu. Gawa darasa mara mbili. Nusu wasimame mbele, nusu wakae. Hakuna anayefanya lolote. Waliokaa wawatazame waliosimama, na waliosimama wawatazame waliokaa. Basi. Niliufanya siku ya kwanza ya kikundi cha sasa nikidhani utaisha kwa kicheko. Baada ya nusu dakika waliosimama walianza kuteseka. Mmoja alikuwa anavuta ncha ya shati, mwingine anacheka bila sauti, na msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "shikamoo mwalimu", alikuwa amebana vidole vya mguu ndani ya ndala mpaka vimebadilika rangi. Halafu karatasi inasema: wape kitu cha kuhesabu. Nikawaambia wahesabu matundu ya matofali ya hewa ukutani, yote, na wakimaliza waanze tena. Mabega yakashuka. Vidole vikaachia. Yule msichana alikuwa anahesabu huku midomo inacheza, na kwa mara ya kwanza nikamwona sura yake ilivyo.

Kisha unawauliza: mwanzoni mlijisikiaje? Na mlipokuwa mnahesabu? Wanakwambia wenyewe. Huna cha kuongeza.

Hapo ndipo kazi nzima ya Spolin ilipo, na ndiyo sababu namwandika. Alikuwa mwalimu wa maigizo aliyehangaika miaka mingi kumtoa mwalimu kwenye kiti cha hakimu. Mimi nimejaribu kumfuata na mara nyingi nimeshindwa.

Alizaliwa Chicago tarehe 7 Novemba 1906, Viola Mills, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Urusi. Kuhama huko hakukuwa kwa kutafuta riziki peke yake. Tangu 1881, alipouawa mfalme Alexander wa Pili, Wayahudi wa Urusi walivamiwa mara kwa mara na makundi yenye hasira, nyumba zikaporwa, watu wakauawa, na sheria zikawabana wakae wapi na wafanye kazi gani. Kati ya mwaka huo na 1924, Marekani ilipobana mlango, Wayahudi wapatao milioni 2 wa Ulaya Mashariki walivuka bahari. Wengi waliofika Chicago walianzia upande wa magharibi wa jiji, kuzunguka Maxwell Street, mtaa wa mikokoteni na soko la wazi, ambako mtu alinunua samaki, suruali na kuku hai huku akibishana bei kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mtu wa Kariakoo angeshushwa pale asingepotea.

Nyumbani kwao kulikuwa na mchezo. Walicheza ule wa kuigiza neno kimyakimya wenzako wabahatishe, na walitunga opera zao wenyewe, jamaa wakiwa wamejaa sebuleni, huyu akiimba na yule akimjibu. Wanaoeleza maisha yake hawakosi kutaja sebule hiyo, nami nafurahi, kwa sababu kila mwalimu wa maigizo niliyewahi kumfahamu ana sebule yake mahali fulani. Yangu ilikuwa uani kwa bibi, Muheza, umeme ukikatika.

Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa na utamaduni wa maigizo ya nyumbani tangu zamani. Wasomaji wa Biblia mnamjua Esta, yule malkia aliyewaokoa watu wake kwa Hamani, aliyetaka kuwaangamiza. Kila mwaka kwenye sikukuu ya Purimu hadithi hiyo inasomwa kwenye sinagogi, na kila likitajwa jina la Hamani watoto hupiga makelele na kuzungusha vidude vya mbao vya kukereza mpaka jina lizame. Na zamani, siku hiyo, watu wa kawaida, vijana wa ufundi na wanafunzi, walivaa vinyago wakapita nyumba hadi nyumba wakiigiza Esta, Yusufu na nduguze, chochote, kwa sahani ya chakula na senti kidogo. Hawakuwa waigizaji. Walikuwa fundi viatu na mpwa wake. Tamthilia ya kulipia kwa Kiyidi ilikuja baadaye sana, 1876, Abraham Goldfaden alipoanzisha kundi lake mjini Iași, Rumania. Sisemi Spolin aliipata michezo yake kwenye Purimu. Kitabu chake ni cha michezo, si cha dini. Nasema alitoka kwa watu ambao fundi viatu kuigiza sebuleni kwa jirani halikuwa jambo la kushangaza, na ukishalijua hilo, imani yake kwamba kila mtu anaweza kuigiza haionekani tena kama kauli ya mtu mwenye ndoto.

Mwaka 1924, akiwa binti wa miaka kumi na saba, alianza kusomea kazi ya kuhudumia jamii. Mahali penyewe ni Hull House, Halsted Street. Nyumba hiyo ilianzishwa 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr: wanawake wawili wasomi waliohamia kwenye jumba kuukuu katikati ya wahamiaji, wakaishi humo, wakafungua chekechea, madarasa ya jioni, bafu za umma, karakana, ukumbi wa maigizo. Baadaye Addams alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, 1931. Watoto wa Kiyahudi wa mitaa ile walipita pale kwa wingi. Benny Goodman, mtoto wa fundi cherehani, aliyekuja kuwa mfalme wa klarineti, alipuliza kwenye bendi ya watoto ya Hull House baada ya kuanza masomo kwenye sinagogi.

Mwalimu wa Viola pale aliitwa Neva Boyd, na kama mimi ni mjukuu wa Spolin kwa njia ya fotokopi, basi Boyd ni bibi mzaa bibi. Boyd alifundisha watu kufanya kazi na makundi kwa kutumia michezo ya watoto, ngoma za kienyeji na hadithi. Viola alikaa naye mpaka 1927.

Nieleze kwa mfano wa kwetu. Nani alikufundisha kukwepa mpira kwenye rede? Mko uwanjani, wawili wanarusha, wewe uko katikati na chupa yako unaijaza mchanga kwa kiganja. Mpira unakuja. Hakuna mwalimu aliyekwambia inama hivi, peta mgongo, ruka kwa mguu wa kushoto. Una tatizo moja, mpira, na una shughuli moja, mchanga, na mwili unatafuta njia wenyewe kwa sekunde moja, na njia hiyo ni yako hakuna mwingine anayeifanya vile. Ukidanganya, wenzako wanakutoa. Hawahitaji mwalimu wa zamu. Na mtoto ambaye darasani ni wa tisini na moja kati ya tisini na sita anaweza kuwa wa mwisho kutolewa kwenye rede. Boyd aliiona nguvu hiyo akaichukulia kwa uzito ambao watu wazima hawaipi michezo. Spolin alichofanya ni kuuliza: je, tatizo likiwa la jukwaani?

Swali hilo lilimkuta kazini. Marekani ilikuwa kwenye Mdororo Mkuu wa uchumi, na 1935 serikali ya Rais Roosevelt ilianzisha mpango mkubwa wa kuwaajiri watu wasio na kazi, WPA, uliojenga barabara na shule lakini pia ukawalipa wachoraji, wanamuziki na walimu wa michezo. Kuanzia 1939 hadi 1941 Spolin alikuwa msimamizi wa maigizo kwenye tawi la Chicago la mradi wa burudani wa WPA. Waliokuja mbele yake walikuwa watoto na watu wazima wa mitaa ya wahamiaji. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake, Kiingereza wengine cha kuokoteza, na hakuna anayeelewa ukimwambia "zama ndani ya mhusika". Ndipo akaanza kutunga michezo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa tatizo moja.

Chukua tatizo la mgongo. Kila aliyefundisha maigizo anajua: waigizaji wapya wanazungumza wao kwa wao, hadhira inaona migongo na haisikii kitu. Mimi kwa miaka nilikuwa napiga kelele, "Usitupe mgongo! Paza sauti!" Wanageuka kama wanajeshi, sauti inapanda, uhai unatoka. Spolin anasema kitu kimoja tu: shirikisha hadhira. Analisema wakati mchezo unaendelea, kutoka pembeni, na mchezaji hasimami wala hamwangalii, anasikia, anaendelea. Mara ya kwanza kulijaribu neno hilo, kijana aliyekuwa anauza maandazi ya kufikirika aligeuza sahani yake taratibu kuelekea kwetu, na mwili ukafuata sahani. Sauti ikapanda yenyewe. Nilisimama pale ukutani nikijiuliza miaka yote ile ya kupiga kelele ilikuwa ya nini.

Au mchezo wa kuvuta kamba, ambao kamba haipo. Wawili wawili. Pembeni unaita: iangalieni kamba, kamba iko kati yenu, si kichwani mwako. Wakiipata, utaiona. Unene wake unauona kwenye vidole. Mmoja akivuta, mwenzake lazima avutike, maana kamba ni moja, haiwezi kurefuka. Jumamosi moja kijana mmoja alishindwa, akaachia, na kabla hajarudi kukaa akajifuta viganja kwenye suruali na kuvipuliza. Kamba imemchoma. Wenzake wakaanza kubishana kama ilikuwa ya katani au ya manila.

Kabla ya onyesho mnakubaliana mambo matatu: wapi, nani, wanafanya nini. Vipi haiulizwi. Ukipanga vipi, umeshaigiza kichwani, na jukwaani unaleta kiporo. Hili vijana wangu walilipinga sana, na bado wanalipinga, kwa sababu wamezoea kupanga mpaka kicheko.

Nije kwenye kiti cha hakimu. Mwanzoni mwa kitabu Spolin anaandika juu ya ugonjwa wa kutaka kusifiwa na kuogopa kulaumiwa. Anasema tunalelewa kwa "mzuri" na "mbaya" tangu utotoni, mpaka macho yetu wenyewe hatuyaamini. Tunatazama dunia kwa macho ya anayetugawia sifa. Na mtu wa namna hiyo hawezi kucheza, kwa sababu kila anachofanya kinapita kwanza kwenye dirisha la mwingine kupigwa muhuri. Kwa hiyo mwalimu asilaumu, hilo tunalielewa. Lakini pia asisifu. Hapo niliweka kitabu chini.

Mimi nimekulia kwenye fimbo, na kwenye orodha ya nafasi iliyobandikwa ubaoni nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, jina, wastani, nafasi. Nilipoanza kufundisha niliapa fimbo siigusi, na badala yake nikawa mwingi wa "vizuri sana!" Nilijiona mwanamapinduzi. Halafu siku moja, kwenye mchezo wa kusubiri basi, kijana mmoja aliigiza mzee anayepekua mifuko yote kutafuta nauli, polepole, mpaka kwenye soksi. Nikashindwa kujizuia, nikapiga makofi: "Vizuri sana! Mmeona?" Mchana ule kituo kizima cha basi kilijaa wazee wanaotafuta nauli kwenye soksi. Wasichana pia. Aliyebuni akarudia mara tatu, kila mara akizidisha, mpaka ya mwisho haikuwa na mzee wala nauli, ilikuwa ni kijana anayenitazama mimi. Sifa yangu moja iliua mchezo uliokuwa hai.

Siku hizi najaribu kuuliza anavyouliza yeye. Waliokaa: walionyesha au walisimulia? Mliiona kamba? Mzee alikuwa na umri gani, mlijuaje? Wanajibu kwa kilichoonekana, na aliyecheza anapata habari, hapati alama. Lakini nisijifanye mtakatifu. "Vizuri sana" bado inanitoka, hasa kwa wale ambao najua nyumbani hakuna anayewaambia. Kwenye hilo sikubaliani na mama Spolin moja kwa moja. Kuna watoto ambao sifa kwao ni kama maji, na mtu mwenye kiu humpi maswali kwanza.

Wala kitabu chenyewe si rahisi. Kina michezo zaidi ya 200, na kati ya michezo kuna kurasa ngumu za nadharia, sentensi ndefu unazozisoma mara mbili ukabaki ulipokuwa. Anakiri mwenyewe, kwa maneno yake, kwamba hakuna mtu anayemfundisha mwingine chochote, kisha anaandika mamia ya kurasa za kufundisha walimu. Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Baada ya WPA, 1946, alianzisha Hollywood kampuni ya waigizaji watoto, kuanzia miaka sita, akaiendesha mpaka 1955, na kule ndiko mfumo ulikoiva. Mwaka huo wa 1955 akarudi Chicago, na hapo hadithi inageuka kwa namna ambayo nadhani hakuipanga. Mwanawe, Paul Sills, aliyezaliwa 1927 na kukulia katikati ya michezo ya mama yake, alikuwa sasa mwongozaji wa maigizo. Yeye na David Shepherd walifungua Julai ile, kwenye baa karibu na Chuo Kikuu cha Chicago, kundi lililoitwa Compass. Hawakuwa na tamthilia iliyoandikwa. Walikuwa na muhtasari, na waigizaji wakatunga papo hapo, na mazoezi yao yakawa michezo ya mama. Shepherd alitaka ukumbi wa wafanyakazi wa viwandani. Waliokuja ni wanafunzi na maprofesa. Mle ndani walikuwamo Mike Nichols, aliyezaliwa Berlin 1931 na kukimbizwa Marekani akiwa mtoto, 1939, Wanazi wakiwa wanazidi kuwabana Wayahudi, na Elaine May, ambaye baba yake alikuwa na kundi la kuzunguka la maigizo ya Kiyidi. Nichols baadaye alipata Oscar ya uongozaji wa filamu. Tarehe 16 Desemba 1959 Sills na wenzake wakafungua ukumbi wa vichekesho, The Second City, na Spolin akawa anawafundisha pale pia. Sehemu kubwa ya vichekesho vya televisheni ya Marekani unavyovijua, ukivifuata mizizi, unafika kwenye mlango ule, na nyuma ya mlango kuna watoto wa wahamiaji wakivuta kamba isiyokuwepo.

Kuna kejeli fulani humo. Kitabu chake kinaonya wazi dhidi ya mtu mjanja wa maneno, anayerusha utani ili yeye achekeshe na wengine waonekane mabubu. Kwake hiyo haikuwa kucheza pamoja. Na dunia ikamjua, ilipomjua, kupitia wacheshi.

Sisi huku hatukuhitaji Chicago kutuambia kwamba igizo linaweza kukosa maandishi. Vichekesho vyetu vimekuwa hivyo tangu enzi za mkoloni, na makundi kama Muungano na Tanzania One Theatre yalipanda jukwaani kwenye kumbi za baa na kisa kilichokubaliwa kwa mdomo, mengine yakajileta. Tofauti naiona kwenye anayeruhusiwa. Kwenye vichekesho kuna mchekeshaji, na kuna wengine wa kumpa nafasi. Kwenye michezo ya Spolin, aliyebana vidole ndani ya ndala ana kazi sawa na mchekeshaji.

Mwaka mmoja tulipeleka kikundi kwenye tamasha, silitaji jina. Vijana waliigiza foleni ya maji bombani, hakuna aliyetunga mstari kabla, na ukumbi ulitulia mpaka ukasikia feni. Majaji walikuwa na fomu. Mmoja akavua miwani, akauliza kwa upole kabisa: "Sasa wanangu, ujumbe ulikuwa upi?" Vijana wakatazamana. Msichana wangu wa ndala akajibu: "Maji yalikuwa hayatoki." Tulishika nafasi ya mwisho. Nilikasirika wiki nzima, ingawa sasa nadhani jaji hakukosea peke yake. Mchezo wa mazoezi ukiupandisha jukwaani mzimamzima, mtu aliyelipa nauli kuja kutazama ana haki ya kuuliza kilichomleta. Spolin na mwanawe waliwahi kujaribu hilo hilo Chicago, 1965, ukumbi ambao watazamaji walikuja kucheza michezo badala ya kutazama. Haukudumu.

Kitabu kilitoka 1963, baada ya miaka mingi ya kuandika na kufuta. Mwaka huo huo majengo mengi ya Hull House yalibomolewa kupisha kampasi ya chuo kikuu, likabaki jumba la awali na ukumbi wa chakula, leo makumbusho. Mwaka huo huo Neva Boyd akafariki. Jina lake liko kwenye tabaruku, la kwanza. Nikifika ukurasa ule huwa nasimama kidogo. Nakala yangu ina muhuri wa maktaba ya shule fulani ya Marekani, umepigwa juu yake kabisa, na bado jina linasomeka.

Aliendelea. Mwaka 1975 akatoa michezo kwenye kadi ndani ya boksi, ili mwalimu achomoe mmoja bila kubeba kitabu. Mwaka 1976 akafungua kituo chake Hollywood. Miaka kumi baadaye, 1986, akiwa karibu na themanini, akatoa kitabu kwa ajili ya walimu wa darasani, watu kama mimi. Alifariki Los Angeles tarehe 22 Novemba 1994, akiwa na miaka 88.

Jumamosi iliyopita tulicheza kioo. Wawili wanasimama uso kwa uso, mmoja anaanzisha, mwingine anakuwa kioo chake. Pembeni unaita "Badili!" na kazi inahama, kisha tena, kwa kasi zaidi, mpaka mwisho unaita: "Mfuate anayekufuata." Hapo hakuna anayeongoza. Ni vigumu, na mara nyingi wanaharibu kwa kucheka.

Yule msichana, sasa wa kidato cha nne, alikuwa hana mwenza. Mama yake alikuwa amekuja kumchukua, amesimama mlangoni na kanga begani na mfuko wa mchicha. "Mama, njoo," akamwita. "Ah, mimi na utoto huo wapi na wapi," akasema, huku anaweka mfuko chini. Wakaanza kwa mikono. Nikaita badili, nikaita tena. Mama alikuwa na aibu mpaka walipofika kwenye kufunga kanga, hapo akasahau kama tupo; binti anafunga kanga isiyokuwepo, mama anafunga ya kwake ya kweli, pindo kwa pindo, fundo moja. Nikanong'ona mfuate anayekufuata. Darasa zima likanyamaza. Nilitafuta macho ya anayeanza sikuyapata.

Bodaboda wa mama alipiga honi nje, akapiga tena. Mchicha ulikuwa umeanguka kutoka mfukoni.